Posa Yangu Kalenga Wameicheka

Mama Regina, shikamoo. Nakuandikia kutoka Uyole, naomba unisaidie upesi kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, maana siku hiyo nimepanga kufanya jambo na sina hakika nalo, na nakuomba pia unisome mpaka mwisho bila kucheka, kwa sababu kila ninayemweleza habari hii kwa mdomo hafiki katikati kabla hajashika mbavu, na mimi nimechoka kuchekwa.

Jina langu ni Yotamu, Mngoni wa Chipata, Zambia, ingawa nimekulia Kitwe ambako baba yangu anafanya kazi mgodini. Nasoma kilimo hapa Uyole na mwezi wa Juni namaliza nipande treni kurudi kwetu. Kiswahili nimefundishwa na akina mama wanaouza viazi sokoni, kwa hiyo ukikuta mahali kimechechemea kinyooshe wewe mwenyewe.

Wenzangu siku za mapumziko hucheza mpira, wengine hufua wakalala, wengine huenda Mbeya mjini kwenye dansi wakarudi wamepoteza sauti. Mimi ugonjwa wangu ni mwingine, napenda kwenda kuona mahali palipotokea mambo ya zamani, labda kwa sababu Kitwe nilikokulia kila kitu kimejengwa juzi na hakuna mzee wa kumwuliza chochote isipokuwa zamu ya kuingia shimoni. Tangu nifike huku nimeshakwenda Mbozi kukiona kimondo, nikakipapasa muda mrefu mpaka mlinzi akaniuliza kama nataka kukinunua. Usafiri haunisumbui, malori ya kwetu yanapita hapa Uyole kutwa nzima, na dereva akisikia nimemsalimu kwa Kinyanja ananifungulia mlango kabla sijasema naenda wapi, halafu njia nzima ananiuliza bei ya viazi.

Basi chumbani naishi na kijana mmoja anaitwa Liberatus, Mhehe wa Kalenga, mtu mpole, na alipoona nahangaika peke yangu na vimondo akaniambia, "Yotamu, weye unataka historia? Twende kwetu, historia tunalala nayo." Likizo ya kwanza tukapanda lori mpaka Iringa, akanipeleka Isimila nikaona mashoka ya mawe ya watu wa kale yamelala chini kama vile wenyewe wamekwenda kula watarudi, akanipandisha jiwe la Gangilonga nikauona mji wote chini yangu, akanipeleka Lugalo walikopigwa Wajerumani, halafu tukaingia Kalenga kwenye nyumba ya makumbusho lilimo fuvu la Mtwa Mkwawa. Nilisimama mbele ya kioo chake nikajisikia nimefika kwa watu.

Matatizo yalianzia nyumbani kwao. Tulikaribishwa vizuri, salamu yao ya kamwene, kamwene, kigoda, ugali na kuku, mpaka shangazi yake Liberatus, anayeitwa Tekla, aliponiuliza mimi ni kabila gani huko Zambia. Nikajibu kwa majivuno kwamba mimi ni Mngoni. Sahani ikaondolewa mbele yangu! Kuku wangu nikamwona anakwenda zake mikononi mwa shangazi, na kofia yangu ya pama ikanyakuliwa kichwani, na mama yake Liberatus, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, akatoka jikoni na unga mkononi akanimwagia wote kichwani huku akisema, "Mwizi wa ng'ombe umerudi! Wenzako tuliwafukuzaga, weye umekuja kutafuta nini?" Nikasimama nataka kupigana au kulia, sikumbuki lipi lilitangulia.

Ndipo nikaelezwa habari ya utani. Kwamba zamani Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali mpaka wakachoka, wakapatana, na tangu hapo wakikutana wanatukanana, wananyang'anyana vitu, na anayekasirika ndiye mjinga. Nikajaribu kujitetea kwamba waliopigana nao ni Wangoni wa Songea, sisi wa Chipata mababu zetu walishika njia nyingine hawakufika Uhehe kabisa. Shangazi Tekla, kofia yangu kichwani mwake, akasema, "Kumbe nyie mlikimbiaga hata kabla ya vita!" Nyumba nzima ikalala chini kwa kicheko, na mimi nikacheka, na nakwambia kweli tangu nizaliwe sijawahi kucheka namna ile. Toka siku hiyo kila likizo ndogo nipo Kalenga. Nikajifunza kujibu. Nikifika nanyakua jogoo, nasema hii ni kodi ya mababu zangu, baba yake Liberatus ananiita mateka wake na kunituma kupasua kuni, nami napasua kipande kimoja nasema Mngoni hatumwi, halafu tunakaa tunakunywa ulanzi, pombe yao ya mianzi. Mama yake ndiye alikuwa bingwa wao. Matusi yake yalikuwa na ufundi, na safari ya Krismasi alininyang'anya sweta langu la bluu akaapa nitalikomboa kwa ng'ombe kumi.

Sasa yupo dada yake Liberatus, Evarista, anafundisha darasa la pili pale kijijini. Yeye ndiye aliyekuwa anatusindikiza kwenye matembezi, na siku moja Isimila tulibishana sana juu ya yale mashoka ya mawe, mimi nasema ya kuchunia ngozi, yeye anasema ya kuchimbia mizizi, tukabishana mpaka jua likawa kali na Liberatus akatuacha akaenda kulala kivulini, na nilipomtazama anavyorusha mikono kutetea mizizi yake nikajua nimekwisha. Naye hakunificha, alisema ananipenda. Lakini akasema, "Siolewi na mcheshi wa kijiji, Yotamu. Wazee wangu wakikubali, nami nimekubali."

Basi Pasaka hii nikaenda kuposa. Nikavaa tai. Nikanunua vitenge viwili vizuri kwa dereva wa kwetu, nikavikunja, nikaketi mbele ya baba yake nikasema, "Baba, leo sifanyi utani, nimekuja kumwomba Evarista awe mke wangu." Mzee akanitazama. Akaitazama tai. Halafu akacheka, Mama Regina, akacheka mpaka akashika ukuta, akaita majirani waje wasikie, na shangazi Tekla akajifunga kitenge kimoja juu ya kingine akazunguka uwanja anapiga vigelegele, kisha akaleta mbuzi akamfunga kwenye mguu wa kigoda changu, akasema, "Mkeo huyu hapa, mteule wa Wangoni, mahari utalipa majani!" Kila nilivyosema nasema kweli ndivyo walivyozidi kuanguka. Hata Evarista alicheka, ameshika mwimo wa mlango, halafu nikaona ameingia ndani na hakutoka tena. Mzee alipomaliza kufuta machozi akaniuliza tu njia ya kwenda Chipata, treni inaishia wapi, ukishuka unapanda nini, na kama huko kuna baridi, nami nikamjibu kwa uchungu kwamba kuna joto, nikaondoka na mbuzi ananifuata.

Lakini linaloniumiza zaidi ni mama yao. Yeye hakucheka. Niliposema lile neno alikuwa amekaa anachambua mboga, akainuka kimya, akavuta khanga kichwani, akazunguka nyuma ya nyumba. Tangu hapo nimerudi Kalenga mara mbili na hajanitukana hata tusi moja. Chakula changu kinaletwa na shangazi, yeye hatoki jikoni. Nilikutana naye njiani anatoka mtoni, aliponiona akaacha njia akaingia kwenye mahindi, akanipa mgongo mpaka nikapita, na salamu yangu hakuitika. Na juzi Liberatus amerudi kutoka kwao ameniletea sweta langu la bluu, limefuliwa, limekunjwa, anasema mama amerudisha. Nikamwuliza kwa nini, akacheka, akasema, "Mimi siingilii mambo ya mama." Kwa hiyo naona wazi kwamba hataki hata kitu changu kilale nyumbani kwake.

Na ujue pia yupo karani mmoja wa Mafinga ambaye watu wake wameshafika pale kwa ajili ya Evarista, wakakaa, wakanywa chai, wakazungumza taratibu, wakaondoka, na hakuna aliyewacheka hata kidogo. Mimi sina muda, Juni ni kesho kutwa. Nimepanga Jumamosi hiyo nimvizie mama njiani anapotoka mtoni, nisimame mbele yake asipate pa kupita, nimshike mikono yote miwili, nimtazame usoni nimwombe radhi mpaka anisamehe. Je, nifanye hivyo? Au niache safari za Kalenga nibaki na vimondo vyangu, nipande treni peke yangu?

Wako mwenye huzuni katikati ya vicheko,
Yotamu, Uyole, Mbeya, Mei 1977

MAMA REGINA ANAJIBU

Yotamu, vua kwanza kofia, kama bado unayo nyingine. Umeandika mambo ya Wahehe kwa Mhehe. Mimi ni mzaliwa wa Ifunda, na barua yako nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, lakini lile sharti la kutocheka limenishinda kwenye tai. Mngoni, tai! Chai yangu imemwagikia barua za watu wenye shida za kweli, na utazilipia wewe.

Huo ulikuwa utani, sasa nakwenda kwenye kazi. Mikono ya mama usiiguse. Narudia, na uandike neno hili ukutani juu ya kitanda chako: usimvizie, usimzuie njia, usimtazame usoni, na Mungu akulinde usimshike mikono. Nilipofika hapo katika barua yako niliinuka kitini. Ungefanya hivyo Jumamosi, wale watu wa karani wa Mafinga wangekunywa chai yao ya pili kwa raha zao, na wewe ungepanda treni peke yako kweli, na hakuna shangazi wala gazeti ambalo lingekuokoa.

Nakuonea huruma, maana naona unampenda huyo binti na unaipenda nyumba ile nzima na matusi yake. Lakini nakukaripia pia. Umesafiri huku na huku kutazama mawe ya watu waliokufa zamani, umebishana mchana kutwa kama shoka lilichuna ngozi au lilichimba mizizi, na jambo lililo hai linapita mbele yako limejifunika khanga, hulioni! Umekulia Kitwe, kwa hiyo nakusamehe nusu. Nusu nyingine nakudai, kwa sababu umelala chumba kimoja na Liberatus muda wote huo na hujamwuliza swali moja la maana: kwa Wahehe, mkwe anaishije na mama mkwe wake?

Sasa nitakujibu mimi. Mama mkwe na mkwe wake hawataniani. Hawapigi soga, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake kwa heshima, mpaka siku watakapofunguliana mwiko huo kwa taratibu zake. Na siamini kwamba Wangoni wa Chipata hawana kitu cha namna hiyo. Waulize wajomba zako ukifika, watakucheka kuliko Kalenga.

Rudi basi katika barua yako mwenyewe uisome upya. Mwanamke aliyekuwa bingwa wa kukutukana ameacha kukutukana. Aliyekumwagia unga hatoki jikoni ukiwapo. Alipokuona njiani alikupisha. Mtani akishachukua sweta lako halirudishi, ndugu yangu, kofia yako kwa shangazi Tekla ihesabu imekwenda na maji. Lakini kitu cha mkwe hakinyang'anywi. Kwa hiyo amekirudisha, tena amekifua, kwa sababu mtu harudishii mkwe wake sweta chafu. Siku ile watu wote wa uwanja ule walisikia kichekesho, na mtu mmoja tu alisikia posa. Ni yule uliyekuwa unajiandaa kumkamata mikono.

Na baba usimhukumu. Ulitaka akujibu nini? Kwa muda mrefu umemzoesha kwamba kila unalolisema ni la kuchekwa, jogoo wake umemwita kodi, kuni zake umezikataa, halafu siku moja unavaa tai unataka akuamini. Hata hivyo baba wa binti hajibizani na bwana harusi, hata kama bwana harusi ni mtu mzima na akili zake. Angekujibu ndiyo mbele ya majirani angejishushia heshima, angekujibu hapana angejinyima mkwe, basi akacheka, ndiyo faida ya utani. Lakini alipomaliza kucheka akakuuliza treni inaishia wapi na kama huko kuna baridi. Mtu haulizi baridi ya mahali ambako hapeleki mtoto. Na wewe ukamjibu kwa uchungu!

Evarista naye alishakwambia mapema: siolewi na mcheshi wa kijiji. Hakukataa mcheshi, alikataa kuolewa kwa kicheko. Alicheka mlangoni kwa sababu ana macho na aliiona ile tai. Alipoingia ndani hakuingia kucheka, na sitaki uendelee kumweka humo.

Fanya hivi. Tafuta mshenga ambaye si mtani wa nyumba ile. Liberatus hafai, ni ndugu wa binti. Dereva wa malori hafai, atauliza bei ya viazi. Hapo Uyole kuna mzee wa kanisa ninayemfahamu, Msafwa, Mzee Jailos, nyumba yake iko nyuma ya soko, kila muuza viazi anaijua. Huyo hata akitaka kuchekesha hawezi, nimemjua miaka mingi sijaona meno yake. Nenda kwake Jumapili baada ya ibada, mweleze yote, na habari ya vile vitenge pia, maana shangazi Tekla lazima avirudishe kwanza, na hilo nalo atalishughulikia yeye. Yeye ndiye atakwenda Kalenga. Ataketi, atakunywa chai, atazungumza taratibu. Wewe utabaki Uyole siku hiyo, na ukisikia miguu inawasha nenda Mbozi ukapapase kimondo.

Wakati huohuo waandikie watu wako Chipata. Jamaa mmoja mwenye mvi, mjomba au baba mdogo, apande treni hiyohiyo mpya aje Mbeya, ili wazee wa Kalenga waone kwamba nyuma yako kuna ukoo, si dereva tu anayejua Kinyanja. Mjomba akija mkanye mapema juu ya kuku. Mweleze kwamba sahani ikiondoka mbele yake asisimame.

Na juu ya mahari, wale ng'ombe kumi wa sweta usiwataje, wazee wasije wakawakumbuka. Utani wenyewe hutaupoteza. Shangazi Tekla atabaki mtani wako mpaka mwisho, na baba atakutuma kuni ukiwa na watoto wanne. Utakachopoteza ni matusi ya mama, na najua utayakosa, maana hata mimi niliyoyasoma kwa barua nimeona ni mazuri. Hiyo ndiyo bei, na mwenzako ameshaanza kuilipa kabla yako. Unadhani yeye hayakumbuki? Kuchambua mboga kimya jikoni huku mtani wako mkubwa yuko uwanjani si kazi ndogo.

Jibu hili nimekutumia kwa posta kabla ya kulichapa, ili Mzee Jailos apande basi kabla shangazi Tekla hajasomewa gazeti. Usilikalie.

Halafu Jumamosi hiyo uliyoipanga, kama miguu itakupeleka Kalenga bila ruhusa yangu, na ninajua itakupeleka, pita ileile njia ya mtoni. Usingoje yeye akupishe. Ukimwona kwa mbali na ndoo yake kichwani, acha njia wewe wa kwanza, ingia kwenye mahindi, mpe mgongo, inamisha kichwa, na unyamaze mpaka asikike amepita. Hutasikia kicheko wala hutatukanwa. Lakini atajua umemjibu, na akifika nyumbani atamwita Evarista atoke ndani.